Kidonge Chenye Akili Mbili

Kinyerezi, kopo la vidonge vya "kusawazisha kinga" huja na sifa tamu kuliko mabumunda: linapandisha kinga iliyoshuka, linashusha iliyopanda. Lenyewe linajua. Mitambo ya umeme wa gesi ya hapo hapo mtaani, pamoja na ukubwa wake, bado inahitaji mafundi.

Kwenye ugonjwa wa lupasi kinga haikulala. Imekesha, inamtwanga mwenye nyumba: viungo, ngozi, hata figo. Ndiyo maana daktari huandika prednisoloni, ya kuituliza. Mmea wa alfalfa, unaosifiwa kwenye makopo kama hayo, umewahi kuhusishwa na kuamsha lupasi.

Mwaka 2011 kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kilikuwa shilingi 500. Walau Babu hakumtuma mgonjwa akalete wateja wawili, kama wafanyavyo wauza makopo.