Bi Somo Akujibu: Chawa Hawasomi Notisi

*Bi Somo, shikamoo. Niko Leicester, Uingereza. Shule imeleta barua: darasa la binti yangu limeingia chawa. Shemeji anataka nimnyoe, jirani anasema mafuta ya taa, nami hata hii barua naiandika huku najikuna. Nifanyeje? — Mama Kucha*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujua pa kubisha hodi. Mshauri mwingine angekutuma duka la dawa. Mimi nakupeleka kwanza Lakishi, huko Israeli, kulikochimbuliwa kitana cha pembe ya ndovu chenye umri wa miaka ipatayo 3,700. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma maandishi yaliyochongwa juu yake. Ni sentensi kamili ya kale kuliko zote zilizowahi kupatikana katika alfabeti ya Kikanaani, na haimsifu mfalme wala haidai ng'ombe wa mtu: ni dua kwamba kitana hicho king'oe chawa wa nywele na ndevu. Umeliona hilo? Binadamu kapewa herufi, akaanza na chawa! Kwa hiyo safu hii ndiyo fani kongwe ya uandishi, na washairi wanaonipita bila salamu wajirekebishe. Aliyechonga dua ile alikuwa na hoja moja, nayo ndiyo yangu: chawa humalizwa na kitana na kalenda, dawa na hasira ni wasaidizi tu.

Ungeweza, kwa mfano, kumpa chawa notisi ya siku 30 ahame, nakala kwa mwalimu mkuu. Ingefaulu mno, kwani chawa wa kichwani (wale wa kampeni wana maisha marefu) huishi kama mwezi mmoja akishakomaa. Notisi ikiisha, naye kaisha. Kasoro ni wanawe. Jike hutaga hata mayai 8 kwa siku, akiyagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, nayo huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10. Kisha kinda huchukua siku 9 au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Au nywele zingevulika, tungezitundika msumarini siku mbili, maana chawa asiyepata damu hamalizi siku hizo. Hapo ndipo shemeji yako anapodakia kwamba nywele huvulika, wembe upo. Kweli, upara hauna pa kutagia. Lakini chawa haruki wala hapai, hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa, na nywele safi anazipenda sawasawa na chafu. Binti atakuwa amenyolewa kwa kosa la kumwinamia rafiki yake daftarini. Jirani wa mafuta ya taa simjibu kwa hoja, namjibu kwa ndoo ya maji: mafuta yale hubabua ngozi na kushika moto, na mtoto anayenukia taa hakai karibu na jiko.

Utaniuliza, mbona dawa zipo? Zipo, na chawa wengi wamekwisha kuzizoea. Mwaka 2005 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la huko huko uliko: waliochanwa kwa kitana chenye meno ya kubanana, nywele zikiwa zimelowa kondishena, walipona 57 kati ya kila 100, waliopakwa dawa za kuua wadudu za dukani walipona 13. Mbishi atasema 57 si 100. Sikatai, ingawa ushauri wangu mwingine hauna hata mtihani huo. Waliobaki huchanwa tena, au hupakwa losheni ya dimetikoni, ambayo humfunika chawa badala ya kumlisha sumu. Nayo hurudiwa baada ya wiki moja, kwa sababu ya yale mayai. Na anayedai mtoto akae nyumbani hadi apone, mwambie huduma ya afya ya Uingereza yenyewe haitaki hivyo. Chawa huyu haleti homa. Anayeeneza tifasi ni nduguye wa nguoni.

Nilikuwa nakuja kwenye uhodari wangu, ila mhariri ananionyesha saa. Haya, upesi: fumua misuko, lowesha, paka kondishena tele, chana fungu kwa fungu kuanzia ngozini hadi ncha, na kila mkupuo pangusa kitana kwenye karatasi nyeupe, kidude cha kahawia sawa na punje ya ufuta, chenye miguu, ndiye huyo. Kagua nyumba nzima siku hiyo hiyo, shemeji na ndevu zake akiwemo. Rudia siku ya 5, ya 9 na ya 13, kusudi kila kinda linaswe kabla halijataga. Ya 17 kagua tena. Ukikuta mzima, anza upya. Wiki ijayo namjibu bwana wa Mtwara anayekoroma.