Kilo 23 na Ukoo Mzima

Kuna imani iliyoenea kwamba urefu wa safari ndio unaoamua uzito wa begi. Anayekwenda Ulaya kwa wiki moja abebe begi dogo, anayekwenda kwa miezi mitatu abebe kabati. Imani hii imevaa sura ya hesabu, na ndiyo maana hata watu makini huikubali, lakini ukiikagua haisimami. Viza ya matembezi ya Schengen humruhusu mtu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na sijasikia shirika la ndege linaloongeza kilo kwa kila siku iliyomo katika viza hiyo. Kwa mashirika mengi, begi la kukabidhi la daraja la kawaida lina kikomo cha kilo 23, iwe unakwenda kwenye mkutano wa siku mbili Brussels au kumsaidia binti yako aliyejifungua Stockholm mpaka mtoto akaze shingo. Wenye ndege wanajua jambo ambalo sisi hulikana kila tunapofunga begi: nguo hufuliwa. Mwenye mashati matano hayavai yote kwa mkupuo, na huko Ulaya, pamoja na maendeleo yao yote, sabuni bado inauzwa.

Tuufungue mzigo tuuhesabu. Suruali ya jinzi hukaribia gramu 700, kwa hiyo mbili hazifiki kilo moja na nusu. Ongeza mashati au magauni matano, sweta, nguo za ndani za wiki nzima, kanga au kikoi, viatu vya akiba, dawa, mswaki na chaja: vyote pamoja ni nadra kupita kilo saba. Begi tupu lina kilo tatu au nne. Jumla ni kilo 11, na hata tukitupia moja ya bahati mbaya, zinabaki kama 11 nyingine zisizo na kazi. Basi ni nani anayezijaza, maana hakuna msafiri anayefika kaunta na nafasi hiyo ikiwa wazi? Mjazaji wa kwanza ni hofu. Suti inaingia endapo ataalikwa harusini na watu ambao bado hajawajua. Mwavuli unaingia endapo mvua itanyesha Uholanzi, nchi ambayo bila shaka haijawahi kufikiria kuuza miavuli. Pasi ya umeme inaingia endapo mwenyeji hana, na mwenye pasi hakumbuki kwamba plagi yetu ya meno matatu bapa haiingii katika soketi ya Ujerumani yenye matundu mawili ya duara. Kwa hiyo pasi itakwenda, itakaa na itarudi, ikiwa imeona nchi nyingi na kunyoosha hakuna.

Mtetezi wa begi nene atasema: baridi je? Ni swali la haki, kwa sababu Januari ya Helsinki haichezewi. Lakini koti zito halihitaji begi, kwa kuwa kaunta hupima mzigo, haimpimi mwenye mzigo. Livae. Ni kweli kwamba mtu aliyevaa koti la manyoya katika joto la Dar es Salaam ataonekana kama ameshikwa na malaria, lakini hiyo ni aibu ya saa mbili, na haitozwi ada. Zaidi ya hapo, tuulize koti lenyewe limetoka wapi. Kwa kawaida limenunuliwa kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba, maana yake kuna uwezekano mkubwa kwamba lilitoka Ulaya kwa meli, likashuka bandarini ndani ya robota, likachambuliwa na kupigiwa kelele za mnada, na sasa linapandishwa ndege kurudishwa kwao. Katika safari nzima hilo ndilo pekee lisilohitaji viza. Kama hoja ni kwamba makoti ya huko ni ghali, basi Uingereza imejaa maduka ya hisani kama yale ya Oxfam, yanayouza nguo zilizokwisha kuvaliwa. Humo msafiri atamkuta ndugu wa koti lake, akiwa bado hajaanza safari ya kuja kwetu.

Baada ya baridi huja chakula, na hapa sheria zina ucheshi wao wenyewe. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa kwa matumizi yake, kwa hiyo samli ya bibi, hata iwe imefungwa kwa dua, inaishia kwenye pipa la forodha. Matunda na mboga mbichi hudai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na lile tunda la durian. Embe halimo. Samaki, kwa upande mwingine, wanaruhusiwa mpaka kilo 20. Chukua kilo 20 za dagaa wakavu, ongeza begi la kilo tatu, na utapata 23 kamili: kwa maneno mengine, msafiri anaweza kukidhi masharti ya Umoja wa Ulaya na ya shirika la ndege kwa wakati mmoja, ilimradi asibebe hata soksi. Wapo wanaolikaribia lengo hilo. Wanasema ugali wa huko hauna ladha, kana kwamba wahamiaji wote waliotutangulia wamekuwa wakiishi kwa mkate. Mtaa wa Matonge mjini Brussels, uliochukua jina lake kutoka Kinshasa, una maduka ya vyakula vya Kiafrika, na Château Rouge mjini Paris nayo vivyo hivyo. Kilo nne za unga zilizovuka Sahara na Mediterania hazina utamu wa ziada.

Atanyanyuka mwingine aseme: kama mzigo umezidi, nitalipia, fedha ni zangu. Hoja hii ingekuwa nzito kama safari ndefu ya Ulaya ingekuwa ndege moja. Mara nyingi si moja. Mtu hufika kwa shirika kubwa lenye moyo wa kilo 23, halafu anaruka kutoka mji hadi mji kwa ndege za bei nafuu, na humo ukarimu unakwisha ghafla. Tikiti ya chini kabisa ya Ryanair huruhusu bure begi dogo la sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Zidisha upate lita 24, yaani ndoo moja ya maji na sado juu yake. Tuseme humo nako amelipia begi kubwa. Atakapofika Venice atakuta mji wenye madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa ya ngazi, na hapo hakuna kaunta ya kupokea malipo ya ziada. Nadhani lawama fulani zimfikie Bernard Sadow, Mmarekani aliyepata hataza ya sanduku lenye magurudumu mwaka 1972. Kabla ya hapo mtu alifunga kile alichoweza kuinua. Magurudumu yalimpa ujasiri wa kufunga asichoweza, naye hugundua tofauti hiyo kwenye ngazi ya kwanza.

Pingamizi lililobaki ndilo zito kuliko yote, na sitajifanya kulimaliza: mzigo wenyewe si wa msafiri. Habari za safari zikitoka tu, ndugu huanza kufika na vifurushi vidogo, na kila kimoja hakina uzito. Viungo vya pilau vya dada wa jirani aliyeko Rotterdam, majani ya chai, korosho, vitenge viwili vya mchumba, chupa ya achari. Kuvipima mbele ya aliyevileta ni utovu wa adabu, na kuvikataa ni kujitafutia kesi kwenye kikao cha familia. Kwa hiyo vifurushi kumi visivyo na uzito vinaingia begini na kutoa kilo tisa. Achari ikihamishiwa begi la mkononi inakutana na kikomo cha mililita 100, kilichowekwa mwaka 2006 baada ya njama ya kulipua ndege kwa vimiminika kugunduliwa London. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini usimtegemee afisa akuonee huruma kwa sababu ni achari ya embe ng'ong'o. Kisha kaunta huuliza kama begi umelifunga mwenyewe, na jibu la kweli ni kwamba lilifungwa na ukoo.

Sasa angalia kinachotokea mizani ikisoma kilo 31. Mtu mzima wa heshima zake anapiga magoti sakafuni, begi wazi, foleni nzima ikimtazama. Atoe nini? Chai ina mwenyewe, vitenge vina mwenyewe, korosho ina mwenyewe, na baadhi ya wenyewe wamesimama pale pale wakimsindikiza. Vitu pekee visivyo na mtu wa kulalamika ni nguo zake. Ndizo zinazotoka. Sheria ya uzito imefuatwa, ndugu wameridhika, na msafiri anatua Ulaya na bidhaa za duka dogo la rejareja na suruali moja, ile aliyoivaa.

Basi kama shangazi yako anasafiri mwezi ujao na una kifurushi cha kumpa, kipime nyumbani, umtajie kilo zake bila kuona haya, na umwachie nafasi ya kusema hapana. Na kama ndani yake kuna maembe, yaleni huku huku.