Yubile ya Nusu Fedha

Mwaka 1935, Mfalme George V alipotimiza miaka 25 tangu kurithi kiti cha enzi, serikali ya Uingereza iliona ni wajibu kuiadhimisha yubile hiyo ya fedha kwa sarafu ya shilingi 5 ambayo nusu yake tu ndiyo fedha, iliyobaki ni shaba na wenziwe. Msanii Percy Metcalfe akachora juu yake Mtakatifu George na farasi aliyekakamaa hata wajuzi wakamwita farasi wa mbao wa kubembezea watoto. Basi mabwana wakusanyaji, ambao hugombana na muuza samaki kwa senti mbili, huinunua kwa bei ya juu, huilaza juu ya mahameli, na kuwausia watumishi wasithubutu kuisugua, maana iking'aa, kwa mujibu wa elimu yao, imeharibika.