Kokwet ya Jakuzi

Jakuzi alishushwa Merigi Jumamosi mchana, bado amevikwa nailoni, akaegeshwa ubavu kati ya zizi na tangi la maji. Mwenye boma alikuwa amepokea bonasi ya majani chai, na Krismasi alitarajia wageni kutoka Nairobi. Alipoondoka kwenda kumtafuta fundi, wakazi wengine wa boma waliitisha kokwet, yaani baraza lao, wajadili mgeni atakaa wapi.

“Chamgei,” alianza Ng’ombe, Friesian mkongwe ambaye boma zima lilimwita Kogo kwa heshima ya umri wake. “Wewe ni hori la nini?”

“Mimi si hori, Kogo. Nina ukoo,” Jakuzi alijibu. “Candido Jacuzzi, Mtaliano aliyehamia Marekani, alibuni pampu ya kusukuma maji kwenye beseni ili kumtuliza mwanawe aliyekuwa na baridi yabisi. Ikaanza kuuzwa mwaka 1956. Mwaka 1968 Roy, wa ukoo huohuo, akaunda beseni lenye matundu ya maji ubavuni. Kwa nasaba hiyo, naomba niwekwe pale mbele kwenye nyasi, nionekane kutoka barabarani.”

“Baridi yabisi,” Kogo alirudia huku akicheua. “Hapa nani anaumwa viungo?”

“Mama wa boma,” Tangi alidakia. “Mgongo unamuuma kwa kubeba kikapu cha majani chai tangu alfajiri. Naye hakuulizwa.”

Kimya kidogo kikapita. Jogoo alikitumia kuparua nyasi za mbele, akatoka na nyungunyungu mnene.

Tangi, mwenye lita 5,000 tumboni msimu wa mvua, alikuwa mzoefu wa mambo ya uzito. Alimuuliza mgeni anabeba kiasi gani. Jakuzi alijitapa: lita 1,500 za maji na watu sita.

“Basi tuhesabu,” alisema Tangi. “Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni kilo 1,500. Wewe mwenyewe mtupu una kilo 300 hivi. Watu sita wa kilo 70 ni 420. Jumla ni kilo 2,220.”

“Yaani karibu Friesian wanne kama mimi tumesimama mahali pamoja,” Kogo alisema. “Na mimi peke yangu nilizama hadi magoti pale kwenye nyasi mvua za Aprili.”

“Ndiyo maana unahitaji sakafu ya zege yenye nondo, iliyosawazishwa, juu ya udongo ulioshindiliwa,” Tangi aliendelea. “Mimi nilijengewa msingi, na sibebi mtu hata mmoja anayerusha miguu.”

Mkaratusi alitikisa matawi kutoka mpakani mwa shamba. Alipendekeza Jakuzi awekwe chini yake, penye kivuli na faragha. Wote walimcheka. Majani yake na magome yangeziba kichujio cha maji kila siku, na mizizi yake ingeinua zege.

“Nimezoea kufukuzwa,” Mkaratusi alijibu. “Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza tung’olewe kandokando ya mito kwa kuwa tunakunywa sana. Sasa anakuja wa kunywa lita 1,500 kwa mkupuo, anapigiwa makofi.”

“Mimi sinywi,” Jakuzi alijitetea. “Maji yangu yanazunguka. Yakitiwa klorini na kuchujwa, hubadilishwa baada ya miezi mitatu au minne tu.”

Hapo Chura aliruka kutoka mferejini. “Na ukibadilisha, yanamwagwa wapi?”

“Bondeni, nadhani.”

“Bondeni ndiko kwangu! Vijito vya huku vinashuka Nyangores na Amala, na mito hiyo miwili ikikutana ndipo Mto Mara unapoanza. Klorini yako mimi ndiye nitakayeionja kwanza. Nyumbu wa Maasai Mara watakuja baadaye.” Chura alidai pia kwamba mtu asithubutu kumjenga Jakuzi kando ya maji, maana kanuni za mazingira za mwaka 2006 zilikataza shughuli za ujenzi ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo, zikipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko.

Zikabaki sehemu mbili: barazani nyuma ya jiko, karibu na boksi la stima, au mbele kwenye nyasi.

Kogo aliunga mkono nyuma. Merigi iko mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, alisema, na usiku wa Julai hakuna binadamu aliyelowa atakayevuka uwanja mzima akitetemeka. Ukuta wa jiko unakinga upepo. Waya unakuwa mfupi, na fundi atapata nafasi ya kuifikia pampu ikiharibika. Mama naye anaweza kuingia humo jioni, mgongo ukapoa, bila kutazamwa na matatu nzima.

“Na stima?” Tangi aliuliza. “Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 18 hadi 38 kunataka uniti 35 hivi. Hita ya kilowati 3 itahangaika karibu saa kumi na mbili, na hiyo ni kama stima haitapotea.”

“Nifunikwe tu,” Jakuzi alisema. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. “Joto langu jingi hupotea kwa mvuke. Kifuniko kizuri kinanitunza, na mvua ya mawe pia hainipasui.”

Mkaratusi alikumbusha kwamba Maji Moto kule Narok ardhi yenyewe inachemsha bure, na Olkaria, karibu na Naivasha, watu wanaogelea katika maji yaliyotoka kwenye visima vya mvuke wa KenGen.

“Mimi nauliza jambo moja,” alisema Kogo. “Januari mvua ikikatika, lita 1,500 ni maji yangu ya siku 25, nikinywa 60 kwa siku. Mwenye boma atampa nani kwanza?”

Hakuna aliyejibu. Jakuzi mwenyewe akakubali kwenda nyuma, na kokwet ikaafikiana.

Jioni mwenye boma alirudi na fundi. Hakuangalia baraza. Alikwenda moja kwa moja mbele, akainua simu, akapiga picha ya barabara na mashamba ya chai ng’ambo, akasema, “Hapa. Wageni wakipiga picha, chai yote ionekane.”

Fundi alikanyaga nyasi kwa kisigino. “Mbona hapa ni laini, na nyasi zimestawi hivi?”

“Udongo mzuri tu.”

Kogo alikumbuka choo cha shimo kilichofukiwa pale alipokuwa mtamba, akalia kwa nguvu. Jogoo, aliyejua nyungunyungu wale wanene wanatoka wapi, alipanda juu ya Jakuzi akawika mara tatu.

Mwenye boma alitazama saa. “Jogoo huyu hajui tena wakati,” alimwambia fundi. “Kesho ukija kumwaga zege, utamkuta kwenye sufuria.”