Jaji ni Mama Zai

Jamani, mimi drafti naijua. Naijua kwa kufungwa. Kila siku hapa kijiweni nafungwa, na kila nikifungwa kuna sheria mpya. Leo kula ni lazima. Kesho si lazima, inategemea kingi ni ya nani. Nikilalamika naambiwa, "Wewe hujui." Kweli sijui. Sasa ndio nifungwe kila siku?

Mpwa wangu akaja likizo. Anasoma sheria chuo kikuu. Mtoto wa sheria ni mtihani ndani ya nyumba, ukimtuma maji anauliza kwa kifungu kipi. Huyo ndiye katuletea mchezo unaitwa Nomic. Kautunga Mmarekani, mwanafalsafa, Peter Suber, mwaka 1982, eti kuonyesha sheria inavyojibadilisha yenyewe. Ubao hakuna. Kete hakuna. Kanuni tupu, 29, kwenye karatasi, na mchezo wenyewe ndio kuzibadilisha! Zamu yako unapendekeza kanuni, watu wanapiga kura, halafu unarusha dadu. Wa kwanza kufikisha pointi 100 kashinda. Nikasema poa, kila kitu kimeandikwa, nani atanidhulumu?

Weee!

Nikapendekeza mtu asidaiwe akiwa mchezoni. Kanuni ya kiutu kabisa. Mizunguko ya mwanzo kanuni haipiti mpaka wakubali wote. Kijana wa bodaboda akakubali, naye anadaiwa. Mpwa akakubali. Mama Zai wa genge akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akasema, "Sikubali. Na ule unga wangu kilo mbili, lini?" Mbele za watu! Kumbe pendekezo likikataliwa unakatwa pointi 10. Nilikuwa na sifuri. Nikawa hasi 10. Hata kwenye simu salio langu huwa linaishia sifuri.

Nikarusha dadu kwa hasira, ile ya ludo ya watoto. Ikagonga sinia la kashata, ikadunda, chubwi! Mtaroni.

Sasa nisikilize vizuri. Kanuni ya 201 inasema sehemu ya zamu hairukwi. Ya 202 inasema dadu ni mara moja tu. Halafu ipo ya 213, ambayo mpwa aliisoma mbio mbio kama wakala wa bima akifika kwenye maandishi madogo. Hiyo inasema, mambo yakifungamana mpaka haijulikani lipi halali lipi haramu, wa kwanza kushindwa kumaliza zamu yake ndiye mshindi. Mshindi! Mimi nimeshindwa kumaliza shule, nimeshindwa kumaliza msingi wa nyumba, nimeshindwa kumaliza marejesho ya mkopo, sijawahi kupewa hata soda. Nikasimama. Nikadai ushindi wangu.

"Napinga, mjomba," mpwa akasema.

Mmoja tu akishupaa, ugomvi umeshakuwa halali. Unakwenda kwa jaji. Jaji ni nani? Aliyecheza kabla yako. Kabla yangu alicheza nani? Mama Zai.

"Dadu haijapotea," jaji akasema. "Ipo mtaroni. Ingia ukaisome."

Uamuzi wa jaji hautenguliwi mpaka wengine wote mkubaliane. Nikamgeukia kijana wa bodaboda. Akazama kwenye simu yake. Anakula chapati za Mama Zai kwa daftari, atanitetea na nini?

Nikakunja suruali. Nikashuka. Maji yale siyaelezi, pengine unakula. Nikamulika kwa tochi ya simu. Dadu imekaa juu ya jiwe, inaonyesha moja.

"Sita!" nikapiga kelele.

"Shahidi yuko wapi?" mpwa akauliza.

Nikamrudishia kanuni ya 116 aliyotufundisha mwenyewe: kisichokatazwa ni ruksa. Hapo hata Mzee Mwinyi, rais wa zamani tuliyemwita Mzee Ruksa, angenielewa. Uongo umekatazwa wapi kwenye karatasi hiyo? Mpwa akaanza kupekua. Mama Zai hakupekua chochote.

"Usiiguse," akasema. "Nafuata taa."

Bodaboda, ambaye sauti ilikuwa imempotea nilipomhitaji, ghafla akaipata. Eti nikiigusa nitakuwa nimeirusha mara ya pili. Mpwa akasema inategemea maana ya kurusha. Jaji akaomba muda wa kutafakari, huku anampimia mteja vitunguu. Kandambili moja imeshachukuliwa na maji. Nimeomba kutoka, nimeambiwa zamu yangu haijaisha.