Mwalimu, Lumbesa na Ekseli

Matela madogo yanayokokotwa na pikapu katika miji yetu hayana kiwanda, yana ukoo. Ukilichungulia moja kwa chini utakuta springi za Land Rover, rimu za Hilux, bodi iliyochomelewa kwa vyuma vya banda lililobomolewa, na ekseli ambayo hakuna aliye hai anayejua ilitoka kwenye gari gani. Ndiyo maana siku ekseli inapokatika, mwenye tela hawezi kwenda dukani akasema tu, "Nipe ya tela langu." Muuza spea atamuuliza, "Tela gani?" Mazungumzo yataishia hapo.

La Mwalimu lilikatika ekseli upande wa Mikese, si mbali na Morogoro, likiwa na magunia 16 ya mahindi. Mwalimu ni mstaafu wa hisabati ambaye mtaa mzima bado unamwamkia kama vile kesho kuna mtihani. Alisikia mlio, akatazama kioo cha pembeni, akaona tairi lake mwenyewe linampita kwa kushoto, linaelekea mashambani bila haraka yoyote.

Watu walijaa dakika ile ile, na kila mmoja alikuwa na jibu. Mmoja alisema beringi. Mwingine alisema mashimo ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya nyanya alitazama mahindi, akamtazama Mwalimu, akasema pole pole kwamba siku hizi watu wana macho mabaya. Uzito haukutajwa na mtu, Mwalimu mwenyewe akiwemo, ingawa yeye ndiye aliyefundisha kizazi kizima namna ya kuzidisha.

Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilisimamia hilo miaka nenda miaka rudi. Lakini gunia linalotoka shambani huwa na kilemba. Linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kipande cha gunia jingine, linashonwa kwa kamba, na kile kichuguu cha juu kinaitwa lumbesa. Mnunuzi analipia gunia moja. Dereva anabeba gunia moja. Ekseli peke yake ndiyo inayojua kwamba si moja.

Mahindi yalipofika mashineni kwa gari la kukodi, Mwalimu aliomba mizani. Gunia la kwanza: kilo 127. La pili halikuachana nalo. Hapo ualimu ulimrudia. Alichomoa daftari na kuandika kwa mistari: 16 mara 127, sawasawa na kilo 2,032. Tela tupu alilikadiria kilo 380, kwa kupima urefu wa vyuma vyake vyote na kuvipigia hesabu ya uzito wa chuma. Jumla kilo 2,412, zote juu ya bomba ambalo mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alilitoa kwenye gari dogo la abiria. Ekseli ile haikustahili lawama. Ilistahili kiinua mgongo.

Akaenda Dar es Salaam, Gerezani, kule ambako gari lililokufa hupata wanunuzi wengi kuliko likiwa hai. Muuzaji wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu aliyeketi juu ya rundo la difu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, kijana. Natafuta ekseli ya tela."

"Umefika. Hii hapa ni ya Peugeot 504 pikapu. Mashine hii ilishinda Safari Rally, mzee wangu."

Hilo lilikuwa kweli. Peugeot 504 ilishinda mbio hizo 1975 na tena 1978, na magari hayo yaliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi 2004. Kijana alipomwona mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza chumvi: eti ndilo gari aliloshindia Bert Shankland, yule dereva wa hapa hapa Dar. Hapo aligusa pabaya. Shankland alishinda 1966 na 1967, tena kwa Peugeot 404. Hiyo 504 ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza 1968. Mwalimu alimpa miaka yote minne ya ushindi kwa mpangilio, kwa ile sauti ya kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko.

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akaitazama tena ekseli yake. "Basi mzee wangu," akasema, "hii ni ya 404."

Tatizo la ekseli ile halikuwa historia. Ilikuwa ekseli ya nyuma ya gari, yenye difu katikati, na difu kwenye tela ni mzigo unaojibeba: meno yanazunguka bila kazi, yanadai oili, na chuma chenyewe kinakula kilo ambazo zingekuwa mahindi. Kijana alikuwa na dawa ya hilo pia: "Tunatoa utumbo wote, inabaki nyepesi." Wengi wanaingia mtego huo. Katika magari mengi madogo na pikapu nyepesi, ile nondo inayotoka kwenye difu kwenda kuzungusha tairi ndiyo hiyo hiyo inayolishikilia tairi mahali pake. Ukiitoa pamoja na utumbo, tairi linabaki limesimama kwa heshima tu. Mwalimu alishaona tairi lake likimpita mara moja, na ilimtosha.

Kwa haki, ekseli za magari chakavu zimeijenga nchi hii. Mikokoteni mingi ya punda na ya ng'ombe inatembelea ekseli hizo na kudumu miaka. Kwa mwendo wa ng'ombe ni mali safi. Kwa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Morogoro, huku lori la nyuma linapiga honi, ni habari nyingine.

Duka la pili lilikuwa na ekseli mpya za tela, zilizotengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani, na ubavuni imebandikwa karatasi: ratili 3,500. Mwalimu aligeuza papo hapo: kilo 1,588. Muuzaji, mtu mzima asiye na maneno mengi, alimuuliza swali ambalo Gerezani nzima ilikuwa haijamuuliza: "Springi zako zimeachana kiasi gani?"

Mwalimu nusura amkumbatie. Kwa ekseli ya tela, ukiacha uzito, vipimo vinavyoamua ni viwili. Cha kwanza ni urefu kutoka uso wa habu moja, pale rimu inapokaa, hadi uso wa habu ya pili. Cha pili ni umbali wa katikati ya springi hii na katikati ya springi ile. Ukikosea cha kwanza, matairi yatakwangua bodi au yatatokeza nje. Ukikosea cha pili, ekseli haitakaa mahali pake, na fundi atakwambia maneno ya hatari kuliko yote katika fani hiyo: "Tunaikata katikati, tunaiunga." Mwalimu alikuwa na vipimo vyote kwenye daftari, kwa milimita, vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Ikabaki rimu, na hapo hisabati ilichanua. Habu ile ilikuwa na stadi 5 za kufungia rimu. Rimu ya matundu 4 au 6 unaipima kwa kunyoosha futi kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya linalotazamana nalo. Ya Hilux, yenye 6, inakupa milimita 139.7. Lakini matundu 5 hayatazamani. Wauzaji wengi hapo hufumba jicho moja na kusema, "Inaingia." Mwalimu alipima kutoka stadi moja hadi jirani yake, katikati kwa katikati, akapata milimita 67 na ushee kidogo, akazidisha kwa 1.7, akatangaza: duara la 114.3. Vijana wa pale walidhani ni namba ya simu. Ni kipimo cha magari mengi madogo yanayozagaa barabarani, Toyota RAV4 mojawapo.

Zikaletwa rimu za RAV4. Matundu matano yalikubali vizuri sana. La katikati likagoma. Rimu nyingi za Toyota za aina hiyo zina tundu la katikati la milimita 60.1, na duara la habu ya ekseli lilikuwa na 63. Milimita tatu tu, lakini chuma hakina aibu ya mgeni. Kijana mmoja alishakimbilia mashine ya kusagia chuma alipozuiwa. Zikatafutwa za Mitsubishi, ambazo nyingi zina tundu la katikati la 67.1, na rimu ikaingia.

Mwalimu akainama kusoma matairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa wake, kuna namba ndogo ambayo wanunuzi hawaisomi kwa sababu haina senti wala shilingi. Namba 91 maana yake tairi hilo linabeba kilo 615. Matairi mawili ya namba hiyo yanabeba kilo 1,230, yaani yangepasuka zamani kabla ekseli ya kilo 1,588 haijajua kama kuna mzigo. Alidai yenye namba 100, ambayo ni kilo 800 kila moja. Muuzaji asiye na maneno mengi alisema neno moja, "Mwalimu?" Akajibiwa, "Ndiyo." Akapunguza bei.

Ekseli ilipanda basi, ikashushwa Msamvu, ikafika kwa fundi wa kuchomelea jirani na nyumbani. Mwalimu aliiacha pale akaenda kununua grisi. Aliporudi aliikuta imelazwa juu ya matofali mawili, kamba imevutwa kutoka ncha hadi ncha, na fundi amepiga goti, jicho moja limefumbwa.

"Shikamoo Mwalimu. Pole sana, wamekuuzia iliyopinda."

Na kweli ilikuwa imepinda. Ekseli nyingi za tela hutengenezwa hivyo kwa makusudi: katikati imenyanyuka kidogo sana, ili mzigo ukishawekwa ishuke na matairi yasimame wima. Ukiinyoosha ikiwa tupu, au ukiifunga mgongo ukitazama chini, matairi yatainama kwa juu kama yanasalimiana na yatakwisha ukingo mmoja. Fundi alikuwa ameshaipiga nyundo mara kadhaa, nyundo ikawa inaruka tu. Akaamua kuipasha moto, jambo ambalo lingeua chuma kabisa. Kilichoiokoa ekseli ile ni kwamba mtungi wa gesi ulikuwa umeisha, na kijana aliyetumwa kuujaza alikuwa amepitia kwenye banda la mpira. Yanga walikuwa wanacheza. Mwalimu si shabiki, lakini jioni hiyo aliwasemea vizuri.

Alichora kwa chaki sakafuni: tela tupu, tela lenye mzigo, mishale. Fundi alitazama mchoro, akatazama ekseli, akasema kwamba hata yeye alishangaa kuona imepinda pande zote sawasawa.

Mengine yalikwenda haraka. Ekseli ya zamani ilikuwa imekaa juu ya springi. Fundi aliifunga hii mpya chini yake, bodi ikanyanyuka na pua ya tela ikainama kwenye pikapu, ikabidi kufungua na kurudisha juu. Halafu akapendekeza ekseli isogezwe mbele "ili tela lisiilemee pikapu." Mwalimu alikataa. Sehemu ya uzito, kiasi cha asilimia 10 hadi 15, ni lazima iegemee pikapu. Mzigo ukihamia nyuma ya ekseli, tela linaanza kuyumba kwenye mteremko, na dereva anajikuta ndiye anayekokotwa. Beringi zilijazwa grisi, nati ikakazwa huku habu inazungushwa, ikalegezwa kidogo, pini ikapita.

Sasa likabaki suala la mahindi, ambalo halikumfurahisha mtu. Ukitoa kilo 380 za tela kwenye 1,588, zinabaki 1,208 za mzigo. Ule uzito unaoegemea pikapu Mwalimu hauhesabu. Anauacha uwe wa mashimo. Kwa lumbesa za kilo 127, tela linabeba magunia 9 na la kumi linabaki shambani. Shemeji yake, mwenye mahindi, alilalamika kwamba zamani lilikuwa linabeba 16. Mwalimu alimkumbusha kwamba zamani lilikuwa linayafikisha Mikese.

Magunia ya kilo 100, kama sheria inavyotaka, yanaingia 12, na zinabaki kilo 8. Mwenye tela anayepanga kwenda Gerezani wiki hii apitie kwanza mashineni, akaombe mizani.