Barua ya Wazi kwa Makumbusho ya Taifa: Ombi la Watalii wa Malava

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Mheshimiwa, sisi wa Malava, Kaunti ya Kakamega, twaipongeza bei yenu ya huruma. Langoni Mkenya hutozwa kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo, na huo ni uungwana. Kasoro ni zile kilomita zaidi ya 350 kabla ya kulifikia lango lenyewe. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula cha mjini: mkata miwa wa kwetu Kabras hufika Museum Hill akiwa amekwisha kulipa bei ya mtalii, na punguzo la mwananchi humkuta mfuko umekauka. Anayelifaidi hasa ni jirani yenu wa Westlands, anayeweza kuja kwa miguu. Kwa hiyo twaomba tuandikishwe rasmi kuwa watalii, tuvalishwe kofia pana na tuuziwe twiga wa mbao.

Mtatujibu kwamba Kitale pana makumbusho tangu 1974, na Kisumu tangu 1980. Ni kweli, tunashukuru. Ila Isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha 2014 kuwa yahitaji kulindwa kwa haraka, ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega hii hii, si ya Kitale wala Kisumu. Mtasema pia kwamba vitu vya thamani havizungushwi mashambani, vitavunjika au vitaibwa. Hoja nzito hiyo, na makumbusho ya Ulaya yameitumia miaka mingi. Utafiti mlioshiriki wenyewe ulihesabu vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyoko nje, na hapo nyinyi hamkubali kabisa kwamba umbali ndio utunzaji. Tena, yule Ahmed wa Marsabit, ndovu aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi akafa 1974, anayepigwa picha uani kwenu ni sanamu ya fiberglass. Watu husafiri usiku kucha kuja kutazama nakala! Nakala haiogopi barabara ya Webuye. Tuleteeni hata mvulana wa Turkana wa plasta, yule ambaye mifupa yake ya kale ilifukuliwa Nariokotome 1984, akae chumba kimoja karibu na soko, na wageni wa kutoka Nairobi tutawatoza bei ya wasio wakazi.

Nakala ya barua hii tumeipeleka Serikali ya Kaunti, maana Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyataja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Yametajwa baada ya kamari na leseni za pombe, kwa hiyo tunaelewa msomaji akichoka kabla ya kufika.

Ni sisi,
Malava.